Nilivyofundisha Boila kwa Simu na kwa Mkono

Nyinyi mnaoanza kazi siku hizi mnakuja na vyeti ndani ya simu. Sina neno na simu zenu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliotia masomo humo, na nikimsikia mtu akisema vijana wa simu hawajui kazi, humuuliza ni nani aliyewafundisha, na yeye alikuwa wapi walipokuwa wakikosea.

Jina langu ni Kanana, ingawa kiwandani hakuna aliyeniita hivyo. Waliniita Mwalimu. Kiwanda chetu ni cha chai, juu kwenye miteremko ya Imenti, kule ambako asubuhi ukungu hukuficha hata mlango wa jirani. Kama hamjui, chai ya kiwandani haikaushwi kwa jua. Inakaushwa kwa joto la mvuke, na mvuke unatoka kwenye boila, tangi kubwa la chuma lenye maji ndani na moto wa kuni mdomoni. Boila ikizimika, majani yanachacha. Ikikasirika, inaweza kuondoka na paa, ukuta na watu waliosimama karibu. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wasiikasirishe.

Niliingia pale kama mpimaji wa maji. Kila asubuhi nilichota maji ya boila kwenye chupa, nikatia dawa kwa matone, nikaangalia rangi. Ilikuwa kazi safi iliyompa mtu nafasi ya kutazama wenzake. Na mtu wa kutazamwa alikuwa Njeru, mwendeshaji mkuu wa boila, mwanamume wa Embu, mfupi, aliyezungumza na boila zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Siku moja aliniita mbele ya kile kioo kirefu chembamba kinachosimama ubavuni mwa boila kuonyesha kiasi cha maji yaliyomo.

"Unaona nini?"

"Maji."

"Yamefika wapi?"

"Nusu ya kioo."

"Umeyauliza?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akainama, akafungua kijibomba kidogo chini ya kioo. Maji yakatoka kwa kishindo na kioo kikabaki kitupu. Alipofunga, maji yaliruka juu upesi, yakasimama nusu yakitetemeka.

"Sasa haya ndiyo maji," akasema. "Yale ya kwanza yalikuwa picha."

Kumbe kioo kinaunganishwa na boila kwa vijibomba viwili, kimoja juu na kimoja chini. Cha chini kikiziba, kioo hubaki kinakuonyesha maji ya zamani huku boila yenyewe inakauka. Ndiyo maana lazima ukiulize mara kwa mara.

"Na yasiporudi?" nikamuuliza.

"Basi hujui maji yako wapi. Na usipojua, chukulia kwamba hayapo. Ua moto. Na maji usiongeze."

"Kwa nini nisiongeze, kama hayapo?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Hapo ndipo Njeru alipoishia siku zote. Alikuwa na elimu ya kujaza kiwanda, na akaifunga kwa neno moja. Ilinibidi nijitafutie mwenyewe sababu, baadaye sana, kwenye kozi: chuma kikikosa maji kinakuwa chekundu kwa moto, na ukikimwagia maji baridi, yanageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, mvuke mwingi kuliko chuma kinavyoweza kuzuia. Boila inapasuka. Mtu akijua sababu hiyo, hakuna haja ya kumtisha.

Njeru alipostaafu aliondoka na mengi. Alikuwa akigonga gogo la mkaratusi kwa kipande cha chuma, anasikiliza, kisha anasema, "Hili bado bichi, lipumzike." Baada yake sisi tuligonga magogo mpaka wapakuaji wa kuni wakatucheka, na hatukusikia chochote ila gogo. Ndipo nilipoamua kwamba ujuzi unaokaa ndani ya kichwa kimoja ni ujuzi ulio safarini, nikaomba kazi ya kufundisha. Kwa hiyo msidhani nililetewa simu nikazikataa kama bibi wa kijijini. Nilizingoja.

Zililetwa na Muthomi, afisa wetu wa mafunzo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono, akili nyingi na moyo mzuri. Alisema tunaanza mafunzo mseto: mtu anasoma sehemu kwa simu akiwa kwao, na sehemu anakuja kujifunza kiwandani. Wafanyakazi waliposikia mseto wakauliza ni nini, na mmoja akawajibu kwamba ni kama githeri, mahindi na maharagwe katika sufuria moja. Basi jina likashika. Hata kwenye mikutano, mtu mzima na tai yake angesema, "Wiki hii mmemaliza githeri?"

Lakini githeri ya kwanza ilikuwa mahindi matupu. Masomo yalikuwa yamenunuliwa tayari, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwanamume aliyezungumza kana kwamba amelala chali. Sakafu ya boila yake iling'aa kama ya hospitali. Tulitazama pamoja kwenye ukuta wa chumba cha mafunzo, na mzee mmoja wa Mikinduri akainua mkono.

"Mwalimu, huyu jamaa kuni zake ziko wapi?"

Tukatazama tena. Kweli, hakuwa na kuni. Boila yake ilitumia mafuta. Somo lilisema kwamba hatari ikitokea, bonyeza kitufe chekundu na moto utazimika. Yetu ilikula magogo. Moto wa magogo hauna kitufe.

Muthomi alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri. Hata hivyo alisema tuendelee, watu wazoee kwanza. Wakazoea vizuri mno. Jaribio la kwanza lilipotoka, zamu nzima ilipata alama zote, hata yule aliyekuwa akishika simu kama anayeshika kifaranga. Muthomi akanipigia akishangilia. Mimi nikashuka chini, nikawasimamisha mbele ya boila mmoja mmoja, na sikuuliza swali lolote la simu. Nilisema tu, "Nionyeshe." Nionyeshe valvu ya mvuke. Nionyeshe unavyokiuliza kioo. Nusu yao walizunguka ile boila kama watu waliopotelewa na mbuzi. Ikajulikana kwamba kuna binti wa mwenzao, yuko shule ya msingi, hodari wa Kiingereza, ndiye aliyewafanyia wote jaribio. Nikasema huyo akikua aje tumwajiri, na nyinyi wengine tuanze upya.

Sikumwadhibu mtu. Vijana mtakaofundisha wenzenu, shikeni hilo. Mtu anayedanganya katika jaribio anakwambia kwamba jaribio lako halina maana kwake. Sikiliza.

Tulianza upya kwa kutengeneza masomo yetu wenyewe. Tulipiga picha za video kwa simu ya Muthomi, iliyofungwa kwenye mti wa mwanzi, mbele ya boila yetu yenye kutu yake na jivu lake. Mara ya kwanza hatukusikia neno hata moja, maana mngurumo ulimeza kila kitu. Tukajifunza kurekodi picha kule, kisha kurekodi sauti kwenye stoo ya magunia, kwa sababu magunia hula mwangwi. Tulisema Kiswahili cha kwetu, kile kile tunachoongea kazini, na mahali pagumu tukaongeza Kimeru na Kiembu. Tuligombana juu ya neno la jivu lenye makaa ndani yake mpaka tukaamua kila mtu aseme lake. Kila somo lilikuwa fupi kiasi kwamba ulilimaliza kabla chai yako haijapoa. Na kila somo liliishia na swali ambalo jibu lake halikuwa ndani ya simu: ukifika kesho, tafuta valvu hii, uone inazungukia upande gani.

Wale wasio na simu nzuri tuliwaweka wawili wawili na wenye nazo. Nilidhani nawasaidia kwa dharura. Kumbe wale wa wawili wawili walielewa kuliko waliosoma peke yao, kwa sababu walibishana. Mtu anayembishia mwenzake njiani kuhusu kijibomba cha chini hawezi kukisahau.

Tulikosa kuelewana mimi na Muthomi juu ya jambo moja tu, lakini lilikuwa kubwa. Masomo yalipokuwa mazuri, alitaka mafunzo yote yawe ya simu, na chumba cha mafunzo kigeuzwe stoo. Na yale mazoezi ya kila wiki mbele ya boila, ambapo tulijifanya kioo kimekataa kujibu na kila mtu akafanya sehemu yake, aliyaona ni mchezo wa kuigiza unaokula saa za kazi.

"Mwalimu, wameona kwenye video. Wameona mara nyingi. Kuna haja gani ya kurudia?"

"Wewe umeona mpira mara ngapi kwenye televisheni?"

"Nyingi."

"Na ukipewa mpira?"

Akacheka, lakini hakukubali. Nilipata nafasi ya mwisho ya kuwafundisha kundi moja kwa njia yangu, githeri kamili, kisha uamuzi ufanywe. Ndani ya kundi hilo alikuwemo Makena.

Makena alitoka upande wa Ruiri, kwa watu wa mifugo, na alikuwa msichana wa kwanza kuomba kazi ya boila. Alikuwa mwembamba na mkimya. Masomo ya simu aliyameza. Angekuja asubuhi na maswali ambayo mimi mwenyewe nililazimika kwenda kuyafungulia kitabu. Lakini kazi moja ilimshinda katika kila zoezi. Moto wa kuni, ukitaka kuuua haraka bila maji, unaufunika kwa jivu baridi. Unalichota kwa koleo na kulirusha kupitia mlango wa tanuru, na lazima lifike hadi nyuma, lisambae, lisianguke chungu moja mlangoni. Jivu la Makena lilianguka mlangoni siku zote. Joto lilimsukuma nyuma, naye akarusha kabla ya wakati.

Aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo ni Kirimi, msimamizi wa zamu, mwanafunzi wa Njeru kama mimi. Kirimi alirusha jivu kama anayetawanya mbegu shambani, bila haraka, na lilifika alikotaka. Mazoezi yangu alihudhuria kwa sababu aliagizwa. Masomo ya simu hakuyagusa.

"Simu ni ya kupiga," alisema. "Mimi hii boila tumeishi na yeye. Ataniambia nini huyo wa kwa simu?"

"Wa kwa simu ni mimi, Kirimi. Hujasikia sauti yangu?"

"Basi wewe niambie hapa, Mwalimu. Niko hapa."

Tulikuwa marafiki. Sikumsukuma.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya msimu wa majani mengi, mvua ilikuwa imenyesha vizuri na magari ya majani yamepanga foleni getini. Mashine zote zilikuwa zikitembea. Nilikuwa nimeenda chumba cha boila kumpima Makena, hatua ya mwisho ya mafunzo yake: anafanya kazi chini ya Kirimi, mimi nasimama pembeni na kutazama, bila kumsaidia. Kulikuwa na vioo viwili kwenye boila ile, lakini kimoja kilikuwa kimefungwa kikingoja kifaa kipya. Kilichobaki kilionyesha nusu. Nilikiona mimi mwenyewe. Nusu kamili.

Makena alikuwa akipanga kuni. Akasimama. Akakitazama kioo, akatazama kule kwenye pampu ya maji, ile inayojiwasha maji yakipungua, akarudi kwenye kioo.

"Mzee," akamwambia Kirimi, "haya maji hayatikisiki."

Kirimi alikuwa akifuta jasho. "Iko nusu. Iko sawa."

"Na pampu sijaisikia kitambo."

"Itaita ikitaka. Wewe leta kuni."

Makena hakwenda. Lazima mwelewe alikuwa mgeni wa kazi, na Kirimi ni umri wa baba yake, na mimi niko pale natazama kama anafaa au la. Mtu mgeni hukosea zaidi kwa kunyamaza kuliko anavyokosea kwa kusema.

"Mzee, naomba nikiulize."

"Kiliulizwa asubuhi."

"Naomba tena. Dakika tu."

Kirimi akaonyesha kwa mkono, kama unavyomruhusu mtoto anayesumbua. Makena akainama, akafungua kijibomba. Maji yakatoka kwa kishindo. Akafunga.

Kioo kikabaki kitupu.

Tulingoja. Nilisikia moto ukinguruma, na ng'ambo ya ukuta mashine za kukausha, na watu wakicheka huko. Hakuna tone lililopanda. Kitu kibaya zaidi nilikikumbuka wakati ule ule: king'ora cha kutuonya maji yakipungua, na kile kifaa cha kuiwasha pampu, vyote viwili vilitumia njia ile ile ya chini. Ikiwa imeziba, vyote vilikuwa vimelala.

Kirimi aliona nilichokiona. Akageuka na kuruka kwenye swichi ya pampu. Mkono wake ulikuwa umeshaifikia.

"Mzee, usiweke maji!"

Sijui sauti ile Makena aliitoa wapi. Ilipita juu ya moto na juu ya mashine. Kirimi aliganda, vidole juu ya swichi. Nikajikuta nami nimepaza sauti, "Kirimi, toa mkono!" Lakini alikuwa ameshautoa. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kama mtu aliyeamshwa akikaribia kuanguka.

"Moto kwanza," Makena akasema, na sasa sauti ilikuwa ya kawaida, ile ya mazoezi. "Mimi nazima feni ya moto na kufunga mvuke. Wewe jivu. Mwalimu, watu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumefanya kila wiki katika mchezo wetu wa kuigiza. Kila mtu na sehemu yake. Miguu yangu ilikwenda kabla sijaiamuru. Nilitoka hadi kwenye mashine za kukausha nikipiga filimbi, na watu wakaanza kutoka, wengine wakiuliza, wengine wakidhani ni zoezi. Nikasema, "Ndiyo, zoezi, tokeni!" maana sikutaka mtu akimbie aanguke.

Muthomi alikuja mbio kutoka ofisini. "Mwalimu, kuna nini? Majani yote yako ndani!"

"Kioo hakijibu."

Hakuniuliza tena. Alikuwa ametengeneza somo lile pamoja nami, alijua maneno hayo yana maana gani. Akasimama mlangoni na viatu vyake vinavyong'aa, akawatoa watu mmoja mmoja, akiwashika mabega, akiwapeleka hadi upande wa lango. Meneja alipopiga simu akiuliza ni nani amesimamisha kiwanda, Muthomi alimjibu, "Ni mafunzo, bwana, yanafanya kazi yake," akakata.

Nikarudi kwenye mlango wa chumba cha boila. Kirimi alikuwa mbele ya tanuru. Joto la pale ndani linakausha macho, lakini alisimama imara, akichota na kurusha, akichota na kurusha, na jivu lilikwenda hadi nyuma kabisa na kutandazika juu ya makaa kama blanketi. Makena alimsogezea jivu kwa toroli. Hakujaribu kurusha. Alijua la kwake lingeanguka mlangoni, na hapakuwa na nafasi ya kujifunza wakati ule. Mngurumo ukapungua, ukawa mkoromo, kisha ukanyamaza. Kirimi akaufunga mlango wa tanuru, akaweka koleo chini polepole, na sote watatu tukatoka nje.

Makena alikaa kwenye gogo, na Kirimi akavua koti lake la kazi akamfunika, ingawa hakukuwa na baridi.

Boila iliachwa ipoe yenyewe. Mkaguzi alipokuja kuifungua, alikuta kile kijibomba cha chini kimezibwa na magamba meupe, kama yale yanayoota ndani ya birika la nyumbani. Na maji yalikuwa yameshuka chini ya alama ya usalama. Chuma cha juu kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Alikigusa, akatutazama, akauliza ni nani aliyezuia maji yasiwekwe. Kirimi akamwonyesha Makena. "Ni huyu mwari," akasema, "huyu binti yetu." Makena akamwonyesha Kirimi: "Na huyu ndiye aliyeua moto."

Majani hayakuharibika yote. Bwana Salim wa Maua, aliyekuwa akituletea kuni, alikuwa na malori yake getini siku hiyo. Aliposikia, hakungoja kuombwa. Aliwaambia madereva wake wapakue kuni na wapakie majani, wakayapeleka kiwanda jirani mchana kutwa. Baadaye alikuja kwangu akataka madereva wake nao waingizwe kwenye githeri, wajifunze kushusha magogo bila kuvunjana miguu. Tukawapangia vipindi vya kuja kiwandani, tukaiacha Ijumaa mchana iwe ya swala. Walikuwa wanafunzi wazuri, wenye maswali makali.

Chumba cha mafunzo hakikugeuzwa stoo. Muthomi alikuja na rangi akakipaka upya, na mazoezi ya kila wiki yakawa ya kila zamu. Hakunipa hotuba, na mimi sikuidai. Kukubali kwake kulikuwa kwa brashi.

Lakini mazungumzo ninayoyakumbuka zaidi ni ya Kirimi. Alinikuta nikila chakula cha mchana, akaketi.

"Mwalimu, mimi ile kitu nilikuwa najua. Njeru alituambia. Maji usiongeze."

"Najua ulijua."

"Sasa mbona mkono ulienda?"

Nilikuwa nimeliwaza swali lile kwa siku nyingi. Nikamwambia, "Kwa sababu maisha yako yote, kioo kikishuka, unawasha pampu. Kila siku ndiyo sawa. Siku moja tu ndiyo makosa. Mkono unajua ya kila siku, Kirimi. Ya siku moja haujafundishwa."

Akatafuna, akafikiri. "Na huyo msichana?"

"Huyo alisoma kwa simu kwa nini mkono usiende. Kisha akaja hapa tukamfundisha aseme kwa sauti. Lakini jivu lake bado linaanguka mlangoni."

"Linaanguka," akakubali, akaanza kucheka. "Lo! Vibaya sana."

Kisha akatoa simu mfukoni, mpya, ambayo binti yake alimnunulia, akaniuliza masomo yanaingiaje humo. Makena ndiye aliyemwonyesha. Na Kirimi ndiye aliyemfundisha Makena jivu, akisimama nyuma yake, akimshika kiwiko, akimwambia, "Ngoja. Ngoja. Sasa." Mpaka likafika.

Basi mkiniuliza kipi ni bora, simu au mtu, nitawauliza tunataka kujifunza nini. Simu ina subira kuliko mimi. Inarudia usiku na mchana, haichoki, haikudharau. Inafaa kwa sababu za mambo, na kwa yale mambo mabaya ambayo mtu anaweza kustaafu bila kukutana nayo hata mara moja. Mtu anafaa kwa mkono, kwa sikio, na kwa kukupa ruhusa ya kumwambia mkubwa wako kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Ruhusa hiyo hakuna simu inayoweza kukupa. Makena aliizoea kwa kupewa kila wiki.

Niwamalizie na la juzi, maana hata mstaafu hatulii. Kiwanda kimoja upande wa Embu kilinialika nione mafunzo yao. Wanatumia masomo yetu, na mojawapo ni la Kirimi mwenyewe, ambalo Muthomi alimshawishi arekodi: namna ya kufunika moto kwa jivu. Kijana mmoja wa pale, aliyeniita Cucu kama wanavyowaita bibi zao, alitaka kunionyesha. Akachota jivu, akasimama mbele ya tanuru, akakohoa mara mbili kwa nguvu, akarusha. Lilifika hadi nyuma, vizuri kabisa. Akachota tena. Akakohoa mara mbili. Akarusha.

"Una kifua?" nikamuuliza.

"Hapana, Cucu. Ni mtindo wa Mzee Kirimi. Anakohoa kwanza ndiyo jivu liende."

Nilishika ukuta kwa kicheko. Kirimi siku ya kurekodi alikuwa amemeza vumbi. Kijana hajawahi kukutana naye, amemtazama kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kudhani, na amejifunza kila kitu alichokiona. Kile kiwanda kilikuwa na masomo yote na hakikuwa na mtu wa kusimama karibu naye.

Nikavua sweta langu, nikamwomba msimamizi wao asogee naye atazame. Kikohozi nikamwondolea. Kurusha nikamwachia.